Kikombe Chenye Kilele

Angèle Kataliko aliuza unga katika soko la Birere kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo yote hakumpimia mtu kikombe kilichosawazishwa. Kikombe chake kilikuwa na kilele. Muuzaji aliyesawazisha kwa kiganja, Angèle alimwita mwizi, tena mbele ya wateja wake.

Binti yake Bénie alipopata mchumba, Angèle alitangaza kwamba gato, yaani keki ya harusi, ataipika mwenyewe, kwa mikono yake, na asitokee wa kumpinga. Akatokea. Micheline, dada wa mume wake, aliwahi kufanya kazi kwa muoka mikate mjini Butembo, na tangu hapo pua yake haijashuka. Yeye ndiye aliyekuwa na maelezo ya gato nzuri. Akayatoa kwa gramu tupu, huku akijua fika kwamba katika nyumba ile ya mtaa wa Mapendo hamna mizani. Ni roho mbaya, sina jina lingine la kuipa.

"Unga gramme mia sita," alisema. "Utajua namna ya kufanya, Mama Bénie. Si ulikuwaka commerçante, muuzaji wa soko?"

 Angèle alimchukua Bénie wakaenda kwa Habineza, muuza nyama wa Birere, wakamwomba mizani. Alijaza kikombe chake cha bati kwa namna anayoijua, na kilele chake, akamimina ndani ya mfuko. Gramu mia mbili. Wakarudia mara tatu, ikawa mia mbili ile ile. Vikombe vitatu, basi. Sukari nayo wakaipima hivyo hivyo. Walipika gato mbili za majaribio, sufuria ndani ya sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, na zote mbili ziliumuka vizuri kabisa.

Ijumaa, siku moja kabla ya harusi, Bénie alikwenda kusukwa nywele. Micheline akaingia jikoni bila hodi, akajifunga kitenge kiunoni, akaambiwa ni vikombe vitatu vya unga, akakiona kile kilele cha kikombe alichojaza Angèle.

"Eh! Mama Bénie, gato haiko soko. Leta kisu."

Akakikata kilele kwa mgongo wa kisu, unga ukarudi mfukoni. "Batu benye kusoma banapimaka hivi."

Hasira ilimpanda Angèle hadi masikioni. Kosa aliliona pale pale. Vikombe vitatu vya namna ile havingefika hata gramu mia nne, na gato ingeanguka. Neno moja lingetosha: tulipima kwa Habineza. Lakini alifikiria jinsi Micheline atakavyoaibika mbele ya ukoo mzima, na wazo hilo likawa tamu kuliko sukari yote iliyokuwa mezani. Akavuta kigoda, akakaa.

"Endelea tu," alisema. "Ni weye ulisoma."

Gato ilibonyea katikati kama sahani. Bénie aliporudi aliiona, akamuuliza shangazi yake.

"Tantine, mulitia vikombe ngapi ya unga?"

"Tatu. Ya kukata na kisu, vile inafaa."

Bénie akamgeukia mama yake. "Na weye, mama, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa."

"Ulikuwa unamuangalia?"

Angèle alijishughulisha na makaa. Waliliziba shimo kwa krimu nyingi.

Kesho yake ukumbini, mwongozaji wa sherehe alitangaza kwamba bibi harusi sasa atampelekea mama yake kipande cha kwanza. Angèle akasimama, akaweka kitenge chake sawa, akanyoosha mikono yote miwili kupokea. Bénie alikuja na sahani akimtazama usoni. Akampita. Akaenda kupiga magoti mbele ya Micheline.

"Tantine, weye ulikosea tu," Bénie alisema, kwa sauti iliyofika hadi meza ya nyuma. "Mama alijua."