Ulimi wa Fuko na Adabu za Obwocha

Mwaka huo Phanice, mwalimu wa bayolojia kule Gesima, alitaka kitu kimoja tu duniani: ulimi mzima wa fuko. Utafiti wake wa shahada ya pili ulikuwa umekwama hapo. Mnyama anayeishi gizani chini ya migomba huonjaje mizizi? Jibu lilikuwa kwenye vinundu vya nyuma ya ulimi, ambako chembe za kuonja zimebanana kama maganda ya kitunguu. Lakini mnyama akifa, chembe hizo huharibika upesi. Ulimi sharti uingie kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhi viungo, ungali na joto.

Mtegaji hodari wa fuko alikuwa baba mkwe wake, Obwocha, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Kwa Wakisii baba mkwe haingii nyumba ya mwanawe, wala hapazi sauti kumwita mkaza mwana. Kila neno lilipitia kwa mama mkwe, Nyakerario.

Mara ya kwanza Obwocha alileta mkia, kwa kuwa mkia ndio ushahidi wa mtegaji tangu zamani. Mara ya pili akaleta ulimi, umeoshwa vizuri na kutiwa chumvi usioze! Phanice alishukuru huku ameuma meno. Alipoutazama kwa hadubini, palipopaswa kuwa na chembe palikuwa na matobo matupu.

Mara ya tatu ilimtoa machozi. Alikuwa sebuleni akisahihisha mitihani, chupa ya fomalini mezani, akasikia mtu akikohoa nje. "Mzee ana kifua," akajisemea, akaendelea na kazi. Nyakerario aliporudi kutoka kuuza majani chai, alimkuta mumewe ameketi juani, fuko amemkaukia magotini.

"Mama, si angebisha hata!" Phanice alifoka, sauti ikafika uani. "Saa nzima anakohoa tu! Adabu gani hii ya kuniozeshea kazi?"

Uani kikohozi kilikatika. Phanice aliona haya, lakini hasira haikumtoka. Siku zikapita bila mkwe wala fuko, na muda wa kuwasilisha utafiti ukazidi kuyoyoma.

Asubuhi moja jiwe likatua juu ya mabati, ngaa! Phanice akatoka mbio, tayari kumgombeza mtoto wa jirani. Mlangoni alilala fuko, bado ana joto. Kule migombani koti la Obwocha lilikuwa likienda zake.

Alikimbilia kisu na chupa, akapiga magoti palepale, akaukata ulimi na kuutumbukiza. Kisha akakohoa kwa nguvu. Koti likasimama, nalo likakohoa.