Nyumba na Vyote Vilivyomo

Naikumbuka siku ile, mwanangu, hata shati nililovaa nalikumbuka, kwa sababu ndiyo siku niliyonunua nyumba Kibiti na shangazi wa mtu ndani yake.

Ilikuwa miaka ya ruksa, kila mtu anauza, kila mtu ananunua. Mimi niliishia darasa la tatu, lakini nilikuwa na meza yangu ya mitumba kando ya barabara, na kiburi cha kujaza lori. Nilikuwa nimemposa Zuhura wa Mchukwi. Baba yake, Mzee Mbwana, alinipa sharti moja: "Binti yangu haendi kukaa nyumba ya kupanga. Ijumaa ijayo nakuja kuiona nyumba yako. Nisipoiona, posa yako nairudisha."

Nikampata Bakari, anauza nyumba ya bati, vyumba vinne. Watu wakanishauri nimwone wakili, yule aliyekuwa akija kila Jumanne na kukaa katika chumba nyuma ya mashine ya kusaga. Nikawacheka. Wakili wa nini? Nyumba naiona, muuzaji namwona, kalamu ninayo! Mkataba nikauandika mwenyewe kwenye karatasi ya daftari. Sebuleni niliona kitanda cha samadari na kabati la kioo, nikavitamani, nikaongeza kwa akili zangu: nimenunua nyumba na vyote vilivyomo. Bakari akapokea pesa, akatia saini mbio mbio kama anayekimbia mvua, kesho yake akashuka pwani, akapanda boti kwenda kisiwa cha Kiongoroni kukata mikoko. Mimi nikamsifu kwa uchapakazi.

Jumatatu nikahamia. Kitanda hakipo. Kabati halipo. Chumba cha nyuma, ambacho sikukifungua siku ya kununua, amekaa bibi mmoja anasuka ukili wa mkeka.

"Shikamoo, bibi. Mbona umo humu?"

"Marahaba. Mimi Bi Mwanaidi, shangazi yake Bakari. Nyumba hii kaijenga baba yangu. Wewe nani?"

"Mimi ndiye mwenye nyumba."

Nikatoa karatasi, nikamsomea kwa sauti, maana mwandiko ulikuwa wangu na niliupenda. Nilipofika mwisho akaweka ukili chini.

"Rudia hapo."

"Nyumba na vyote vilivyomo."

"Siku hiyo mimi nilikuwemo?"

"Ulikuwemo, bibi."

"Basi umeninunua na mimi. Mchana nakula wali wa mchele wa Mohoro, sembe sili. Na samaki asiwe na miba, meno yamenikimbia."

Damu ikanipanda. "Bibi, nimeandika vyote, sikuandika wote! Vyote ni vitu. Wewe si kitu!"

"Alaa! Kumbe mimi sikuuzwa?"

"Hukuuzwa!"

"Na fungu langu nililorithi kwa baba, nalo halikuuzwa?"

Nikaigeuza karatasi nitafute jibu nyuma yake. Darasa la tatu hawakutufundisha jibu la swali hilo.

Jumanne alfajiri nilikuwa wa kwanza mlangoni kwa wakili. Alinisikiliza hadi habari ya mkwe na Ijumaa, akasoma karatasi yangu, akavua miwani, akafuta machozi ya kicheko.

"Ndugu yangu, Bakari ana fungu lake tu, aliloachiwa na baba yake. La shangazi yake si lake kuuza. Uliuliza nyumba ni ya nani?"

"Nilimkuta mlangoni."

"Hata mbuzi hulala mlangoni! Bi Mwanaidi asipokubali na kutia dole gumba mbele ya mashahidi, huna nyumba. Ijumaa mkweo utamwonyesha daftari."

Jumatano nikapanda boti. Kiongoroni nikazama topeni hadi mapajani, Bakari yuko juu ya magogo ya mikoko ananiuliza kama nyumba inavuja. Nikamwambia wakili anamsubiri, na akichelewa atasubiriwa na polisi. Alhamisi tukakaa wote mbele ya wakili, aliyeahirisha safari yake ya Dar kwa ajili yetu, na mwenyekiti wa kijiji pembeni. Bakari akamkabidhi shangazi yake pesa za fungu lake, uso ameuinamisha. Bibi akakubali kuuza, kwa sharti moja: chumba cha nyuma ni chake hadi kufa kwake.

Sikuwa na ujanja. Wakili akaandika. Bibi akabonyeza dole gumba, kisha akaninyooshea lile lile lenye wino.

"Soma kwanza, mwenye nyumba, ndipo utie saini."

Nikasoma neno kwa neno, kidole juu ya mstari.

Ijumaa Mzee Mbwana akaja, akamkuta Bi Mwanaidi barazani.

"Huyu nani?"

Kabla sijajibu, bibi akasema, "Mimi nimekuja na nyumba."

Mzee akacheka hadi kofia ikamdondoka. "Basi binti yangu hatakosa wa kumfunza. Posa ibaki." Bi Mwanaidi aliwalea wanangu wanne, na sembe hakuigusa hata siku moja.

Mwanangu, nyumba hainunuliwi kwa macho. Uliza nani kaijenga, nani kairithi, na mke wa muuzaji anajua au hajui. Piga hodi kila chumba, hasa cha nyuma. Mipaka iandikwe, mashahidi wawepo. Na karatasi ifike kwa wakili kabla ya kalamu yako. Mimi nilikwenda baadaye, nikachekwa na mtu mwenye miwani.

Mungu akujaalie nyumba yenye baraka, na waliomo wawe wameridhia, wote. Amina.