Saa Aliyonirudishia Mzee Damasi

Sikuwa nimelala, sikuwa na homa, na pombe sijawahi kuitia mdomoni. Naanza na hayo kwa sababu ndiyo maswali ninayoulizwa kila mara. Jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, alasiri, nyumbani kwangu Mafiga, na shahidi wangu bado yu hai. Usiponiamini, angalau nisikilize mpaka mwisho.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Maduka yaliyokuwa matupu yalijaa sabuni, redio na vitenge, na watu waliovitamani wakaanza kutoa vya zamani walivyokuwa wameficha ndani: vikuku, saa za ukutani, sarafu za Mjerumani. Mimi nilikuwa mwalimu wa sekondari na ugonjwa wangu ulikuwa sarafu. Wenye ugonjwa huo mjini Morogoro tulikuwa wachache, na sote tulimwamini mtu mmoja, Mzee Damasi wa Bigwa.

Kwa nini yeye? Wauzaji wengine walikuwapo, tena wenye maneno matamu. Mzee Damasi alianza na ubaya. Kabla hajakusifia sarafu alikuonyesha mkwaruzo, ukingo uliolika, herufi iliyofutika. Asichokijua alisema hakijui. Sarafu za bandia alizitia kwenye kopo la kahawa, akatuonyesha ili tujifunze, na hakuuza hata moja. Kitu kimoja tu kilimkera. Watu wa milimani, kabla ya kumletea sarafu, waliisugua kwa majivu na ndimu, wakidhani wanaiongezea thamani.

"Umeiosha?" angeuliza.

"Nimeisugua hasa, mzee. Tazama inavyometa!"

"Basi umeiosha pamoja na bei yake. Nenda kasugue masufuria, mwanangu."

Na kila aliyechukua sarafu kwake aliambiwa maneno yaleyale: "Ikionekana ina kasoro ambayo sikukuambia, nirudishie. Hata ikipita miaka." Si maneno ya biashara tu. Niliwahi kumshuhudia akiipokea sarafu aliyokuwa amesahau kabisa kwamba ilitoka kwake.

Siku moja akanionyesha rupia ya fedha yenye kichwa cha Kaizari, nyeusi ti, na alama ndogo ya kisu ukingoni. Alama hiyo alinionyesha kwanza. Nilikuwa nimeitafuta rupia ya namna ile muda mrefu. Tukabadilishana: mimi nikachukua rupia, yeye akachukua saa yangu ya mkononi, iliyokuwa ya marehemu baba, yenye herufi za jina lake zilizochongwa mgongoni. Aliivaa palepale akacheka.

"Sasa nikichelewa Misa, nitachelewa nikijua."

Baadaye nikaenda Dar es Salaam kusahihisha mitihani. Huko nilikutana na mhasibu mmoja, mkusanyaji kama mimi, aliyewahi pia kununua kwa Mzee Damasi. Nilipomweleza habari za rupia alikosa utulivu. Nikampa neno langu: aje Morogoro nikisharudi, tutabadilishana, naye angenipa sarafu za tundu nilizokuwa nazikosa kwa miaka.

Nilirudi mvua ikinyesha kwa nguvu, Uluguru yote imemezwa na wingu. Alasiri ileile nikasikia hodi. Nikafungua. Alikuwa Mzee Damasi, amevaa suti nyeusi na tai. Nilimzoea kwa shati la kaki, nikadhani anatoka harusini.

"Shikamoo, mzee."

Hakuitikia. Tangu nimfahamu hakuwahi kuiacha salamu yangu ianguke chini hivyo. Nikamkaribisha ndani.

"Mwalimu, nimefuata ile rupia. Ina kasoro."

"Kasoro gani? Ni ya bandia?"

"Ni halisi. Aliyeniletea ndiye hakuwa na haki nayo, na mimi sikumuuliza vya kutosha."

Niambie, ungekuwa wewe ungefanyaje? Mgeni wangu alikuwa anakuja kesho yake.

"Mzee, nimeshampa mtu neno langu."

"Na mimi nilikupa langu. Nilikuambia nini siku ile?"

"Ikiwa na kasoro nikurudishie."

"Basi nimekupunguzia safari."

Akavua saa akaiweka mezani. Nilitamani kubishana, lakini yeye alikuwa ananingoja kwa utulivu uleule wa siku zote, nikaenda chumbani kuileta rupia. Alikifungua kitambaa cha marekani alichoifungia mwenyewe siku ile, akaishika kwa ncha za vidole viwili, ukingoni, kama kawaida yake. Akainusa.

"Hujaiosha. Vizuri."

Chai hakutaka, kiti hakutaka. Alitoka bila mwavuli akashika njia ya Bigwa. Niliporudi ndani nilitazama sakafu. Mimi niliyemsindikiza hadi barazani tu nilikuwa nimeacha matone ya maji. Pale aliposimama yeye palikuwa pakavu kabisa.

Kesho yake mhasibu akafika. Nilipomwambia rupia imerudi kwa Mzee Damasi, alitabasamu vibaya.

"Sema tu umempata mwenye dau zuri kuliko langu, Mwalimu. Mimi si mtoto."

"Twende Bigwa ukamuulize mwenyewe."

Tulimkuta mkewe uani, amevaa nguo nyeusi. Akatukaribisha, akanitazama kana kwamba nimechelewa.

"Mmekuja kutoa pole?"

"Pole ya nini, mama?"

"Mzee wenu tumeshamzika, Mwalimu. Tulimtuma mtu kwako Mafiga akakuta mlango umefungwa."

Mhasibu akanigeukia. Nikatoa saa mfukoni nikampa mama. Aliigeuza, akazipapasa zile herufi kwa kidole.

"Hii tulimzika nayo. Aliomba asivuliwe. Niliifunga mimi, kwa mikono yangu hii, juu kidogo ya ukingo wa mkono wa shati."

Kisha akatueleza. Mumewe akiwa kitandani, walikuja wazee wa ukoo mmoja wa juu mlimani. Rupia ile ilikuwa yao, ilikaa katika chungu cha matambiko, na mpwa mmoja aliiiba akaja kuiuza kwa jina la urithi. Mkuu wa ukoo alikuwa amefariki. Mrithi hawezi kupewa jina mpaka aoshwe kwa maji yaliyotiwa rupia hiyo, na bila mrithi ukoo hauna wa kuusemea katika mashamba yake. Majirani walikwishaanza kusogeza mipaka.

"Aliwaambia ataileta mwenyewe," mama alisema. "Nikajua ni homa inayosema."

Tulipanda mlima, mimi na mhasibu, kwa njia ya utelezi. Huko tuliwakuta wazee wakitengeneza pombe ya sherehe. Rupia ilikuwa imeonekana jana yake jioni, kizingitini pa nyumba ya matambiko, ndani ya kitambaa cha marekani. Mzee wao akatuonyesha. Nyeusi ti, alama ya kisu ukingoni.

"Weusi huu ni moshi wa babu zetu," alisema. "Ingeoshwa, tusingeipokea."

Mhasibu aliomba kuishika. Aliishika ukingoni, akairudisha kwa mikono miwili. Hajakusanya sarafu tena tangu hapo. Muulize.

Mimi naendelea, ila nauliza sana, mpaka wauzaji wananichoka. Saa mama alinirudishia, ninayo mpaka leo. Inatembea vizuri, lakini kila masika kioo chake kinaingia ukungu kwa ndani. Nimeipeleka kwa mafundi mbalimbali. Wote wakiifungua wanapangusa udongo mwekundu, wananiuliza nililima nayo wapi.

Kwa hiyo wewe unayependa vitu vya zamani, uliza kilitoka kwa nani, na aliyekitoa alikuwa na haki gani. Na muuzaji akikuambia umrudishie hata ikipita miaka, usicheke, huenda ni mtu wa kutimiza neno lake. Akija kukifuata, msalimie. Asipoitikia, usimcheleweshe. Mpe.