Ugonjwa Nilioandika kwenye CV

Nimewahi kupata kazi asubuhi na kuipoteza kabla sijapanda gari la kurudi nyumbani. Aliyenifanya niipoteze ni mtoto wa darasa la sita, kwa swali moja tu.

Naitwa Serafina, wa Misima, Handeni. Nilipata mimba nikiwa kidato cha tatu, shule ikaishia hapo. Nikapelekwa kwa shangazi Grasiana kule Mashewa, mbali na midomo ya watu, nikajifungulia huko.

Nilirudi nyumbani na mtoto, ila hakurudi kama wangu. Mama yangu alisema kamzaa yeye. Janeth akakua akimwita mama yangu mama, na mimi akiniita dada.

Nilikubali. Ningesema nini, na mimi nilikuwa mtoto?

Miaka minne nililima na kulea mwanangu kwa jina la mdogo wangu. Halafu nikarudia shule kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nikasota. Chuoni nikafeli masomo mawili, nikarudia tena. Diploma ya uhasibu nimeipata wenzangu wakiwa na nyumba na vitambi.

Tangu hapo kila ofisi swali ni lilelile: "Hapa katikati ulikuwa wapi?"

Mwezi wa sita shule moja ya bweni Korogwe ikaniita kwenye usaili. Mhasibu msaidizi, pamoja na chumba cha mtumishi. Jamani, chumba! Nilishapanga kabisa: Janeth atahamia kwangu, na humo ndani, sisi wawili tu, nitamwambia mimi ni nani kwake.

Alikuwa likizo, akanililia twende wote akaone treni. Nikamchukua.

Tulipofika nikapita stationery kwa kijana mmoja, Dennis, anitolee CV. Akaitazama, akacheka.

"Dada, hapa una pengo kama jino limeng'oka. Miaka yote hii?"

"Nilikuwa nyumbani."

"Nyumbani sio jibu. Weka ugonjwa. Hakuna bosi anayechimba ugonjwa wa mtu."

Nilikuwa nimechoka kukataliwa. Nikamwambia weka.

Aliyenisaili ni mkuu wa shule, Mzee Semboja. Janeth nilimwacha nje kwenye benchi, chini ya dirisha. Dirisha lilikuwa wazi. Hilo sikulifikiria.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama. Kaa. Vyeti vyako viko vizuri. Ila hapa, 2013 mpaka 2017, pole sana. Uliumwa nini muda wote huo?"



"Ni ugonjwa wa ghafla tu, mzee. Ulinikatisha masomo. Uliniharibia mipango yote."

"Sasa umepona?"

"Kabisa, mzee. Hata sitaki kuukumbuka."

Akafunga faili. "Basi Jumatatu uje uanze kazi."

Nilitoka pale nusura niruke. Nikamshika Janeth mkono, nikamwambia leo chipsi kuku, halafu treni. Tukatembea mpaka karibu na stendi, mkono wake umelegea ndani ya wangu.

"Wewe vipi? Hufurahi?"

"Mama," akasema.

Nikageuka, nikidhani kamuona mama yetu kwenye watu. Hakuwepo.

"Mimi nimezaliwa 2013. Mimi ndio ule ugonjwa?"

Sijawahi kuumia vile, hata leba haikuniuma hivyo.

"Nani kakuambia?"

"Shangazi Grasiana, kwenye msiba wa babu. Alidhani nimelala. Nilikuwa nasubiri useme wewe."

Nililia palepale barabarani, bodaboda wananishangaa. Ningeweza kunyamaza. Kazi nilikuwa nayo, chumba nilikuwa nacho. Lakini chumba kile nilikitaka kwa ajili yake. Ningelala naye humo vipi, na anajua nimemwitaje?

Tukarudi. Nikabisha hodi, nimemshika mkono.

"Mzee, nilikudanganya. Sikuumwa. Nilizaa. Mwanangu ni huyu hapa."

Mzee Semboja akavua miwani, akamtazama Janeth, akanitazama mimi.

"Ungeniambia mwanzo ningekuajiri. Hata mama yangu alinizaa akiwa mdogo. Lakini umenitazama usoni ukadanganya, na kazi yenyewe ni kushika ada za watoto wa watu. Siwezi, mama. Nisamehe."

Yaani ukweli ungenipa kazi. Uongo ndio ulioninyima. Mpaka sasa nikikumbuka natamani ardhi inimeze.

Treni hatukuiona. Kazi sina, naandika haya nikiwa Misima, na mama yangu hanisemeshi, maana tuliporudi nilisema ukweli na anaona nimemuumbua. Usiku Janeth anavuta mkeka wake anakuja kulala kwangu.

CV nimeiandika upya. Penye pengo sasa pana maneno haya: "2013–2017, kumlea binti yangu Janeth." Aliyechagua maneno hayo ni yeye mwenyewe.

Dada unayesoma hapa, ukiulizwa ulikuwa wapi miaka ile, mtaje mwanao kwa jina lake. Usimpe jina jingine ili bosi akuonee huruma. Bosi atasahau, mtoto hasahau.