Moshi wa Mbegu

Juzi muuguzi aliponiambia kwamba binti yangu ana selimundu, ugonjwa wa damu unaouma hadi mifupani, na kwamba ameirithi kwangu na kwa baba yake, nilisikia harufu ya jiko la mama kule Maisaka. Juu ya moto alining'iniza mahindi ya mbegu, moshi uyakinge na dumuzi, wale wadudu wanaotafuna nafaka.

Mchana mmoja nikiwa bado mtoto, mama akiwa shambani, mdogo wangu Elia alilia, "Dada, kuna kitu kinanitafuna mifupa."

Nikajua ni dumuzi. Nikamketisha kando ya moto, nikachochea kuni mbichi. Alikohoa sana.

"Vumilia, watakufa," nikamwambia.

Elia hakumaliza wiki. Miaka mingi niliamini nilichelewa kumfukiza.

Leo asubuhi binti yangu amelia vilevile. Jiko langu ni la gesi. Halina hata moshi wa kunidanganya.