Kisanduku Kilichokuwa Kinajiandaa

Nilikuwa fundi wa elektroniki katika karakana moja mjini Shinyanga. Wenye maduara, yale mashimo ya dhahabu ya Mwakitolyo, walituomba kitu kimoja tu: king'ora kilie feni ya hewa ikisimama. Jenereta likizima kila mtu anasikia. Feni ikisimama peke yake, walio chini hawajui mpaka kichwa kianze kuzunguka.

Tulikuwa na prosesa za bei nafuu, zenye kumbukumbu ndogo. Nikamwambia bosi tutumie mfumo endeshi mdogo, unaokaa ndani ya prosesa yenyewe na kuanza kazi kufumba na kufumbua.

Akacheka. "Huo hauna kioo, hauna rangi. Wageni wakija tutawaonyesha nini, waya?"

Alitaka mfumo mkubwa kama wa kompyuta, unaosomwa kutoka kwenye memori kadi. Nilimweleza kwamba unachukua zaidi ya dakika kuwaka, na kwamba umeme wa kukatikakatika huua kadi.

"Dada, wewe ni fundi. Maamuzi niachie mimi."

Nami, aibu yangu, nikauweka huo wake.

Wiki ya tatu nilikuwa Mwakitolyo nikifunga kisanduku cha king'ora kwenye duara moja. Kwenye duara la jirani, lililokwisha kufungiwa chake, jenereta likakohoa, likashika tena. Feni haikushika; swichi yake ilikuwa imeruka. Kisanduku kilizimika, kikawaka, kikaonyesha nembo ya karakana yetu, buluu na dhahabu, nzuri kweli. Kikaishia hapo. Kadi ilikuwa imekufa, na king'ora hakikulia.

Mvuta kamba ndiye aliyeshtuka: alitikisa kamba, chini kimya. Wakawasha feni, wawili wakashuka. Nilipofika mbio walikuwa wamempandisha mzee mmoja, midomo imebadilika rangi, na mwenzake akitapika. Tulimpepea mpaka akafumbua macho.

"Shikamoo baba," nilisema, sijui hata kwa nini.

Hakuitikia. Aliniita mama kwa Kisukuma: "Mayu, kisanduku chako kilikuwa kinafanya nini?"

"Kilikuwa... kinajiandaa kuwaka."

"Sisi tunakufa, chenyewe kinajiandaa."

Niliporudi karakana nilimkuta bosi anakula.

"Amekufa mtu?" akauliza.

"Hajafa."

"Sasa kelele za nini?"

Ningemjibu, ningemrushia sahani. Nilirudi Mwakitolyo nikaviondoa visanduku vyote, nikaandika programu upya kwa mfumo mdogo, bila kioo, nikavirudisha bila hata kumwomba ruhusa. Sasa ukizima feni, king'ora kinakupasua masikio papo hapo.

Wageni walipokuja, bosi aliwashikisha kisanduku kimoja. "Hapa tulichagua mfumo mwepesi," akasema, "kwa sababu ya usalama."

Tulichagua! Nikamkatiza mbele yao. Niliwasimulia yote: kadi, nembo, mzee aliyelala kwenye vumbi akitafuta pumzi. Mgeni mmoja aliacha kuandika, akamtazama bosi.

Kesho yake sikuwa na kazi. Visanduku vinalia mpaka leo.