Mstari wa Sahani

Kitu cha kwanza nilichokigundua kuhusu shangazi yangu, nilipokwenda kumsaidia ofisini baada ya kumaliza chuo, ni kwamba kiti chake bado kilikuwa na nailoni ya dukani. Alikinunua miaka minane iliyopita. Yeye hatulii. Husikiliza nyimbo akitembea, kutoka dirishani mpaka kabati la chuma na kurudi.

"Shangazi, kaa basi."

"Nitakaa nikizeeka."

"Una miaka sitini na miwili."

"Sasa haraka ya nini?"

Kazi yake ni kuchapisha muziki. Hupokea nyimbo za watunzi wasiojulikana, huziandikisha kwa majina yao, kisha huzitafutia waimbaji. Alianza kama mpiga chapa katika kampuni ya santuri. Miaka tisa alimwona mkubwa wake akikata mistari ya watunzi kwa kalamu nyekundu, kama mtu anayepogoa ua, na watunzi wakitoka pale wamenywea kama puto la jana. Alipoacha kazi hiyo alijiwekea sharti moja: hagusi neno la mtu. Hushika penseli, na pembeni mwa karatasi huandika maswali tu. "Mvua hii ilinyesha saa ngapi?" "Jirani alijuaje?" Mtunzi huondoka nayo, akarudi na jibu lake mwenyewe.

Ndiyo maana wanamwita Mama Penseli. Mmoja wao aliniambia, "Afadhali akutukane. Matusi unayasahau. Swali lake unalala nalo."

Kati yao yuko fundi viatu mmoja, ambaye viatu vyake mwenyewe vimeachama soli, mganga hajigangi. Kwa miaka miwili amepanda ngazi zetu na wimbo uleule, kuhusu jioni ya kwanza baada ya baba yake kuwaacha. Shangazi aliuliza swali moja tu: "Mama alifanya nini?" Fundi akapotea miezi mitatu. Aliporudi, aliimba:

Mama hakulia, alihesabu sahani,
sita zikawa tano, moja akairudisha kabatini.

Siku hiyo nilimwona shangazi akisimama katikati ya chumba.

Wiki iliyopita mwimbaji mmoja mashuhuri aliomba maneno ya wimbo huo. Shangazi aliyachapa mwenyewe, huku akiuimba chini kwa chini na kuinuka kila baada ya mstari, akayatuma. Jana mwimbaji akapiga simu.

"Mama Penseli, hapo mama anapolia mpaka alfajiri, nimepaimba bafuni mpaka mke wangu akanigongea mlango. Hapo ndipo penye roho ya wimbo. Kesho saa tisa tunarekodi."

Shangazi alikata simu, akaitoa nakala kwenye faili, akaisoma mara mbili.

"Nani kaandika hivi?"

"Shangazi, uliyechapa ni wewe."

Alitembea mpaka jioni.

Leo asubuhi alimwita fundi, naye akaja na gundi vidoleni. Shangazi hakuzunguka mbuyu.

"Mwanangu, nimekuharibia. Nilikuwa nachapa, akili ikaenda kwa mama yangu. Yeye alilia. Nikaandika wa kwangu juu ya wako."

Fundi alisoma polepole, kidole chini ya kila neno. "Mama yangu hakulia. Angelia, nisingekuwa na wimbo."

"Najua. Nimeshampigia mwimbaji arudishe sahani zako. Anasema sahani hazimlizi mtu. Anataka kilio, au ataimba wimbo mwingine. Anasubiri jibu mpaka saa tisa."

"Wewe unasemaje?"

"Mimi nimeshasema kupita kiasi. Wimbo ni wako."

Fundi alicheka kidogo. "Majirani pale kibandani wananiita msanii wa soli. Nikisikika redioni mara moja tu, watafyata." Akakunja karatasi. "Lakini aliyehesabu sahani yuko hai, yuko nyumbani, na hajui kama niliwahi kuandika. Ngoja nikamwimbie yote mawili. Atakalosema yeye, ndilo."

"Ukichelewa je?"

"Mama Penseli, kwetu si mbali. Shida ni namna ya kuanza."

Akashuka ngazi, soli zikipiga pa, pa, pa.

Sasa ni saa nane na dakika ishirini. Mwimbaji ameshapiga mara moja; shangazi aliitazama simu mpaka ikanyamaza. Hatembei tena chumbani. Amesimama juu ya ngazi, ameshika nguzo, na kila mtu anayeingia mlango wa chini anamfanya ainamishe sikio. Kapita msichana wa duka la rangi, kapita mzee na mkongojo wake. Hakuna kiatu kilichoachama soli.

"Zima feni," ananiambia. "Siwezi kusikia."

Nimeizima.